AJALI YA MTEREMKONI INA KINGA

Watu wamezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo husemwa matangani, huandikwa magazetini, na hata wakubwa hulitumia wanapotoa rambirambi. Mimi naliheshimu pale linapowafariji waliofiwa, lakini silikubali linapotumiwa kuyafunga mazungumzo. Zipo ajali zisizo na kinga, kama ile ya mti uliong'olewa na tufani ukamwangukia mpita njia. Lakini basi lililoshindwa kusimama katika mteremko ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi ajali ya namna hiyo huwa imekwisha kutengenezwa kabla gurudumu halijaanza kuteremka. Hutengenezwa katika karakana, katika mkutano uliogawa fedha, na katika ile dakika moja ambayo dereva alifika kileleni akapita bila kupunguza gia. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, maana jambo lenyewe liko mlangoni kwetu.

Wasomaji wapenzi, mnajua kwamba basi la shule yetu halikuzaliwa basi. Lilikuwa lori. Wanafunzi wa zamani walichanga fedha, lori lililokwisha kutumika likanunuliwa, bodi ya mizigo ikaondolewa, na juu ya chasisi ile ile ikajengwa bodi ya chuma yenye viti na madirisha. Sina ugomvi na jambo hilo. Mabasi mengi ya Afrika Mashariki, ya shule na ya abiria, yamejengwa juu ya chasisi za malori, na fundi hodari aweza kufanya kazi ya kupendeza. Ugomvi wangu ni na hoja iliyoletwa hivi karibuni, kwamba mchango wa mwaka huu utumike kuliwekea basi keria kubwa juu ya paa, safu mbili za viti vya nyongeza, na rangi mpya za shule. Riziki yangu naipata katika karakana ya magari makubwa, na kwa hiyo sina budi kusema waziwazi: kwanza breki, kisha keria.

Kama shule yetu ingekuwa katika nchi tambarare, pengine nisingeandika. Lakini basi hili huwachukua wanafunzi wetu kutoka Mbale mpaka Kapchorwa, ama kwa mashindano ya mbio, ama kwa somo la jiografia kwenye maporomoko ya Sipi. Ni safari njema. Kijana gani wa shule asiyetaka kukimbia katika nchi iliyomtoa Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya marathoni huko London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei baada yake? Barabara ina lami, inapita Sironko, inavuka tambarare za Bulambuli, kisha inaanza kuupanda Mlima Elgon kwa kona moja baada ya nyingine. Wakati wa kwenda hakuna mwenye hofu. Injini inanguruma, gari linakwenda polepole, na watoto wanatazama Karamoja kwa mbali. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ngoma yenyewe huchezwa jioni, wakati wa kurudi, watoto wamechoka, dereva amechoka, na kila mtu anataka kufika nyumbani kabla ya giza.

Sasa nawaomba wanafunzi wachukue kalamu, maana fizikia ya darasani inafaa hapa kuliko maneno mengi. Kutoka Sipi mpaka tambarare, tuweke mteremko wa mita 600 kwenda chini. Tuweke basi la tani 12, pamoja na watu na mizigo. Zidisha kilo 12,000 kwa 9.8, kisha kwa 600, utapata joule milioni 70 na zaidi. Nguvu hiyo yote haina budi kwenda mahali fulani. Ikiwa basi litafika chini kwa mwendo ule ule lililoanza nao juu, basi karibu nguvu yote imegeuka kuwa joto. Joto hilo latosha kulichemsha pipa zima la maji la lita 200, tangu maji ya baridi ya nyuzi 20 mpaka yatokote. Ukitaka mfano mwingine, kulisimamisha basi hilo kabisa kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa huzaa joule milioni 1.67. Maana yake ni kwamba kuteremka Sipi kwa kutegemea breki peke yake ni sawa na kulisimamisha basi kutoka kilomita 60 mara 42 mfululizo. Dereva gani angefanya hivyo katika barabara tambarare asishangae kuona moshi magurudumuni?

Na kila tani moja tunayoiongeza, iwe ni keria, viti, magunia ya viazi au vyombo vya muziki, inaongeza joto la kuchemsha karibu jerikani moja ya maji. Breki haziulizi kama mzigo ni wa lazima au wa fahari.

Nieleze basi breki hufanya nini joto linapozidi. Katika magari mengi ya namna ya basi letu, ndani ya gurudumu kuna dramu ya chuma, na ndani ya dramu kuna lainingi. Ukikanyaga pedali, lainingi husukumwa nje zikaikwaruza dramu. Dramu ikipata moto sana, hutanuka ikazikimbia lainingi, na lainingi zenyewe zikiungua hupoteza ukali wa kushika. Dereva hukanyaga zaidi, joto huongezeka zaidi, na breki hushika kidogo zaidi. Huo ni mviringo mbaya, na mwisho wake waujua.

Gari likiwa linatumia mafuta ya breki, kuna hatari ya pili. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 4 hivi katika 100, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo pedali huzama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Fundi anayekwambia kwamba mafuta ya breki hayabadilishwi mpaka yavuje, mshukuru kwa heri utafute mwingine. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni gharama ndogo kuliko tairi moja.

Breki za upepo hazina mafuta ya kuchemka, lakini zina njaa ya upepo. Kila pedali ikikanyagwa na kuachwa, upepo kidogo hutoka. Dereva anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, bila kituo mlima mzima, huimaliza mitungi upesi kuliko pampu inavyoijaza. Tena dramu ikitanuka kwa joto, fimbo inayosukuma breki hulazimika kwenda mbali zaidi. Ikiwa breki hazikurekebishwa vizuri karakanani, fimbo hufika mwisho wake kabla lainingi hazijashika. Breki iliyoonekana nzima asubuhi katika uwanja wa shule huwa imekufa jioni katika kona ya tatu.

Hapo ndipo jambo la lori kugeuzwa basi linapohusika. Kila lori lina kibati kinachotaja uzito wa juu kabisa ambao chasisi, ekseli na breki zake zimepimiwa. Mwenye kujenga bodi akitumia chuma kizito, kisha tukaongeza viti na keria, twaweza kuupita uzito huo bila kujua, maana abiria hawaonekani kama mzigo. Abiria 50 wenye kilo 55 kila mmoja ni karibu tani 2 na robo tatu, kabla ya mabegi. Malori mengine yana vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayoongeza au kupunguza nguvu ya breki kwa kadiri ya mzigo. Fundi wa bodi akiifungua ili apitishe vyuma vyake asiirudishe sawasawa, breki za nyuma hazifanyi kazi kama zilivyokusudiwa. Bodi iliyoshuka mno pembeni huuzuia upepo unaopoza magurudumu. Na mzigo juu ya keria huupandisha uzito juu, hata gari likainama vibaya katika kona. Nauliza kwa heshima: je, tangu basi letu lijengwe, limewahi kupimwa uzito likiwa limejaa? Mimi sijaona karatasi hiyo. Kama ipo, na isomwe mkutanoni. Kama haipo, safari ya kwenda kwenye mizani ni fupi.

Pengine mtu atasema, haya ni ya mafundi, na dereva wetu ni mzoefu. Kweli dereva wetu ni mtu wa adabu na wa kazi, nami simsemi. Lakini uzoefu hauipunguzi hata joule moja katika zile milioni 70. Uzoefu hufaa pale unapojua namna ya kuzigawanya: nyingi ziende kwenye injini, chache ziende kwenye breki. Njia yenyewe ni hii. Dereva apunguze mwendo na aingize gia ndogo akiwa bado kileleni, kabla ya mteremko, maana gari likiisha kushika kasi gia yaweza kukataa kuingia, na hapo atabaki bila gia kabisa. Gia iwe ndogo kiasi kwamba injini yenyewe inalizuia gari. Breki zitumike kusaidia tu. Mwendo ukifika kwenye mpaka aliojiwekea, akanyage kwa nguvu ya kutosha mpaka upungue kilomita 8 au 10 kwa saa, kisha aachie kabisa ili dramu zipumue. Asiweke mguu juu ya pedali mlima mzima kama mtu aliyeegemea ukuta.

Kwenda polepole kuna faida ambayo wengi hawaioni. Joto lote la mlima ni lile lile ukiteremka kwa kilomita 20 au 40, lakini kwa kilomita 20 unalipa mara mbili ya muda wa kupoa. Ni kama kulipa deni kwa miezi 2 badala ya mwezi mmoja. Na kama gari lina breki ya eksozi, ile inayouziba moshi usitoke kwa urahisi ili injini ilizuie gari zaidi, basi itumike tangu juu. Injini ya dizeli bila msaada huo huzuia kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Nikiulizwa mchango wa mwaka huu uende wapi, kitu cha kwanza baada ya lainingi na mafuta mapya ni breki hiyo, ikiwa yetu haifanyi kazi.

Kuna maneno mengine ninayoyasikia vijiweni, kwamba dereva hodari huteremka na gia fri ili aokoe mafuta. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini ya dizeli hukatiwa mafuta. Gari likiwa fri, injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Hakuna kinachookolewa. Pili, ukishaondoa gia umeitupa breki kubwa kuliko zote. Ndugu zetu wa Kenya wamelipa ghali kwa ajili ya desturi hiyo. Barabara kati ya Salgaa na Sachangwan, katika njia ile ile iletayo shehena ya Uganda kutoka Mombasa, ilipata jina baya kwa miaka mingi kwa sababu ya malori yaliyoteremshwa fri.

Wala tusidhani kwamba anayekufa ni dereva na abiria wake peke yao. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, huko huko Kenya, liliyagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi hawakuwa safarini kabisa, walikuwa wakiuza bidhaa zao. Chini ya kila mlima kuna soko, na basi letu nalo huteremka kuelekea penye watu. Na tarehe 6 Mei 2017, katika wilaya ya Karatu nchini Tanzania, basi la shule lilitumbukia korongoni siku ya mvua, wakafa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Siitaji ajali hiyo ili nitoe hukumu juu ya chanzo chake. Naitaja kwa kuwa ilikuwa safari ya shule, kama zetu, asubuhi ya kawaida, kama zetu.

Sasa nitoe shauri langu, mniwie radhi kama ni refu.

Kwa chama cha wanafunzi wa zamani: basi lipimwe uzito likiwa limejaa, na uzito huo ulinganishwe na kibati cha chasisi. Dramu zifunguliwe zote, si mbili za mbele tu, lainingi zitazamwe, mafuta yabadilishwe au mitungi ya upepo itolewe maji, na fundi atie sahihi. Hayo yakiisha kufanyika, fedha zikibaki, ndipo tuzungumze juu ya rangi. Viti vya nyongeza na keria ya paa visiwekwe kabisa mpaka karatasi ya mizani ionyeshe kwamba nafasi ipo.

Kwa uongozi wa shule: dereva apewe mamlaka yote mlimani. Mwalimu wa michezo asimwambie kwamba tumechelewa chakula. Iwekwe sheria kwamba basi litasimama juu, kabla ya kuanza kuteremka, kila safari bila kukosa. Dereva na taniboi wake washuke, wayazunguke magurudumu, wajaribu pedali, wasome kipimo cha upepo kama kipo, kisha waingize gia ndogo. Ni dakika 10. Na safari ipangwe hivi kwamba mteremko unashukwa mchana, hata kama itabidi kulala Kapchorwa usiku mmoja.

Kwa dereva mwenyewe, ambaye namwita kaka: harufu ya kuungua, moshi katika gurudumu, au pedali inayokwenda mbali kuliko ilivyokuwa, ni barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Simama wakati ungali unaweza kusimama. Tia vizuizi kwenye magurudumu, washushe watoto, uwapeleke mahali pa juu, mbali na gari, ungoje chuma kipoe chenyewe. Usimwage maji, maana dramu yenye moto ikimwagiwa maji ya baridi yaweza kupasuka. Na ukiondoka, yaondoe mawe uliyoyatia chini ya magurudumu. Mawe mangapi yameachwa katikati ya lami yakamuua mwendesha pikipiki usiku!

Na ninyi wanafunzi, msidhani kwamba hamna kazi. Nimewaona vijana wakiimba kumhimiza dereva aongeze mwendo, nao wamesimama kwenye nafasi kati ya viti, wakicheza. Dereva ni binadamu, na sifa humlevya mtu kama pombe. Imbeni nyimbo zote mzipendazo tangu Kapchorwa mpaka Sipi. Basi likisimama kileleni, kaeni, nyamazeni kidogo, mwacheni asikie injini yake. Mwanafunzi anayeketi karibu na gurudumu la nyuma ndiye huisikia harufu kwanza kuliko dereva. Akisema, asichekwe.

Najua watakaosema kwamba keria ina faida, na kwamba rangi ya shule inaleta heshima. Ni kweli. Nami ningependa kuliona basi letu liking'aa kwenye uwanja wa mashindano kama mabasi ya shule nyingine. Lakini rangi huonekana na kila mtu, na lainingi haionekani na mtu, na ndiyo maana huchangiwa ya kwanza ikasahauliwa ya pili. Chama cha watu wazima waliosoma hakipasi kuchangia yale yaonekanayo tu.

Mkutano wa chama utakapokaa, nitasimama kuitetea hoja hii, na nawaomba wanaokubaliana nami wasimame pia. Anayepinga naye asimame, atuonyeshe hesabu yake. Tukiisha kuzipima breki zetu na uzito wetu, tukishuka kwa gia ndogo na kwa mchana, halafu mti ukang'olewa na tufani, hapo mimi nitakuwa wa kwanza kusema kwamba ajali haina kinga.

Mwanafunzi wa Zamani